Mjumbe wa LGBT kwenye mkutano mkuu Dodoma: namna ya kujipanga, kukaa ukumbini na kurudi salama

Mwongozo huu ni wa mwanachama aliyechaguliwa na wilaya au mkoa wake kwenda mkutano mkuu wa chama Dodoma, ambaye ni mwanaume anayependa wanaume, mwanamke anayependa wanawake, anayependa wote, au ni trans (anayejitambua kwa jinsia tofauti na aliyoandikiwa alipozaliwa). Umechaguliwa kwa kura za watu wanaoijua kazi yako, kwa hiyo kiti ni chako kihalali. Ibara ya 21 ya Katiba ya 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki shughuli za utawala wa nchi. Lengo ni kwamba ukae kwenye kiti hicho mpaka kikao cha mwisho, upige kura yako, na urudi nyumbani bila jina lako kugeuzwa ajenda.

Miongozo mingi ya namna hii imeandikwa kwa ajili ya Marekani, na haitufai. Kule, katika chama cha Democratic, jina la Melvin Boozer, mwanaume aliyejitangaza kuwa shoga, lilipendekezwa ukumbini kwa nafasi ya makamu wa rais mwaka 1980. Mwaka 2016 Sarah McBride alihutubia mkutano wa chama hicho Philadelphia akiwa trans aliyejitangaza. Wajumbe wa LGBT wana kikao chao kwenye ratiba rasmi. Ndiyo maana miongozo yao inasema vaa beji ya upinde wa mvua na uwatafute wenzako. Ukifanya hivyo Dodoma, hutamaliza siku ya kwanza.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni mahali hatari ilipo. Wengi humwogopa askari wa mlangoni, lakini yeye anatafuta silaha. Anayetafuta siri yako ni mpambe wa kambi nyingine, kwa sababu mkutano mkuu una uchaguzi ndani yake, na kura moja ya mjumbe ina thamani. Mtu anayejua unachoficha anaweza kukuambia umpigie nani. Njia zake ni tatu: simu yako, mwenzako wa chumba, na mazungumzo ya usiku. Maelekezo karibu yote hapa chini yanahusu kuziba njia hizo tatu.

Sheria, kwa ufupi

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 154, inatoa adhabu ya hadi kifungo cha maisha, na isiyopungua miaka 30, kwa kile inachokiita kumwingilia mtu kinyume cha maumbile. Kuna makosa mengine ya vitendo vya aibu yenye adhabu ndogo zaidi. Kwa wajumbe wanaotoka visiwani, sheria ya adhabu ya Zanzibar inawataja wanawake pia waziwazi.

Sheria hizo zinaadhibu kitendo. Hazina kosa linaloitwa kuwa shoga au kuwa trans, wala kosa la kuonekana hivyo. Tofauti hiyo ina maana kubwa pale unapoulizwa maswali, kwa sababu mtu anayejibu “ndiyo, mimi ni hivyo” anampa mpelelezi mwanzo ambao hakuwa nao. Ila usiegemee tofauti hiyo peke yake. Oktoba 2017 watu 13 walikamatwa hotelini Dar es Salaam wakiwa kwenye kikao cha mambo ya kisheria, na hakuna aliyekutwa akifanya kitendo chochote. Kwa hiyo kikao cha siri cha “sisi kwa sisi” hotelini Dodoma wiki ya mkutano, hata cha watu watano, hakifai. Salimianeni kama wajumbe wengine, mkutane mkisharudi.

Simu

Anza hapa, wiki mbili kabla, kwa sababu kazi hii haimalizwi usiku mmoja.

Ukiweza, nunua simu ya pili ya bei ndogo na uiache ile ya siku zote nyumbani. Lakini laini yoyote utakayoweka imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo simu mpya haikufichi kwa serikali. Inakufaa kwa jambo jingine: mpambe akiishika, hakuna kitu ndani. Iwe na namba za wajumbe, katibu wa mkoa, familia, na basi. Usihamishie akaunti zako zote kwenye simu hiyo kwa mazoea, kwani ukishafanya hivyo umenunua simu ya pili yenye matatizo ya ile ya kwanza.

Kama huna uwezo wa simu ya pili, safisha uliyonayo kwa mpangilio huu. Kwanza picha. Ukifuta picha, hukaa kwenye folda ya vilivyofutwa kwa siku 30 hadi 60, kwa hiyo ingia humo ufute tena. Kisha angalia nakala zilizopanda kwenye akaunti yako ya Google au iCloud, kwa sababu huko ndiko zinakorudi unapobadilisha simu. Pili WhatsApp. Nenda Mipangilio, halafu Faragha: picha ya wasifu, maelezo na mara ya mwisho kuonekana viwe kwa watu wako tu, vikundi visiruhusu kila mtu kukuingiza. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uondoe kompyuta yoyote usiyoitambua. Zima uhifadhi wa picha kwenye galari. Status ndiyo inayowaponza wengi: namba yako ikishaingia kwenye kundi la wajumbe, watu mia kadhaa wanaweza kukusevu leo, na wewe ukawasevu, na status uliyowaandikia marafiki zako wa karibu ikawafikia.

Tatu, Truecaller. Programu hii huonyesha jina ambalo watu wengine wamekusevu. Rafiki aliyekusevu kwa jina la utani la ndani ya jamii anaweza kuwa amekuanika bila kujua. Tafuta namba yako mwenyewe kupitia simu ya mtu unayemwamini uone linatokea jina gani. Likiwa baya, Truecaller wana ukurasa wa kuondoa namba kwenye orodha yao. Uondoaji huchukua muda, ndiyo sababu tunasema wiki mbili kabla.

Nne, programu za kutafuta wapenzi. Kuondoa alama yake kwenye skrini hakufuti akaunti. Wasifu na picha zako hubaki. Ingia ndani uifute akaunti yenyewe. Programu hizi huonyesha umbali kati yako na mwingine, na katika wiki ambayo wajumbe wamejaa mji mmoja, mtu mwenye akaunti ya uongo akiwa kwenye kiti chake anaweza kuona nani yuko mita chache kutoka kwake. Skrinshoti moja inatosha. Hata kama una nidhamu ya miaka kumi, wiki hii usiifungue.

Vitu vidogo vinavyosahaulika: jina la hotspot na la bluetooth (wapo watu wanaoweka majina ya mapenzi humo na kila mtu ukumbini anayaona), ujumbe unaotokea kwenye skrini iliyofungwa, picha ya ukutani mwa simu, na alama ya kidole au uso. Zima kufungua kwa uso na kidole, weka PIN ya tarakimu sita. Kidole kinaweza kuwekwa juu ya simu ukiwa umelala.

Kuhusu VPN, yaani programu ya kufikia mtandao kwa njia ya mzunguko: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinakataza kutumia VPN kupata maudhui yaliyozuiwa, na mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka wanaotumia VPN wajisajili. Mtandao wa X ulifungwa Mei 2025, na wengi huufikia kwa njia hiyo. Mjumbe wa LGBT hana haja ya kuongeza kosa lingine kwenye simu yake. Iondoe wiki hiyo.

Na M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo huonyesha majina kamili ya pande zote mbili. Usimtumie mpenzi wako pesa mbele ya watu, na usiruhusu mjumbe mwenzako “akusaidie” kuangalia salio.

Watu watatu na begi

Kabla ya kuondoka, wapange watu watatu. Wa kwanza ni wa nyumbani, anayejua ratiba yako na anayepokea ujumbe wako mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, kwa saa mlizokubaliana. Kubalianeni pia neno la kawaida lenye maana ya “nina shida”. Liwe jambo linaloweza kuandikwa bila kushtua mtu, mfano kuuliza kuhusu mbwa ambaye hamna.

Wa pili ni wakili. Ongea naye kabla, mlipe ada ya ushauri kama anataka, namba yake uikariri kichwani kwa sababu simu ikichukuliwa huna orodha. Hakikisha ana leseni ya mwaka huo. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili unaoonyesha hilo. Muulize waziwazi kama yuko tayari kusimamia mashtaka ya aina hii, kwani wapo wanaokubali kwa mdomo na kukosa kupokea simu siku ya siku.

Wa tatu ni mkazi wa Dodoma anayeweza kukudhamini. Mgeni huwa hafikirii hili. Ukikamatwa Jumamosi usiku, polisi wataomba mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na ndugu zako wote wako Mtwara au Bukoba. Huyo mdhamini hana haja ya kujua siri yako, anatakiwa kujua tu kwamba upo mjini na kwamba huenda ukamhitaji.

Kwenye begi, dawa zitoshe siku za mkutano na siku tatu za ziada, kwani vikao huongezwa na usafiri wa kurudi hujaa. Anayetumia ARV, dawa za VVU, abebe kadi ya kliniki. Akiishiwa, kliniki ya CTC (ya matunzo na tiba ya VVU) katika hospitali ya rufaa ya mkoa au ya Benjamin Mkapa inaweza kumsaidia, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda usiri wa hali yake. Hamishia vidonge kwenye kikasha cha siku kama mlio wa kopo unakusumbua, ila acha lebo moja mahali fulani, maana vidonge visivyo na jina huzua maswali zaidi kuliko vyenye jina. Anayetumia homoni za sindano ni bora apange dozi iangukie kabla au baada ya safari. Bomba la sindano begini ni mazungumzo marefu mlangoni. Vilainishi viache nyumbani. Wizara ya Afya ilivipiga marufuku mwaka 2016, na kukutwa navyo kumewahi kuchukuliwa kama ushahidi, hata kama si ushahidi wa lolote. Shajara, barua na picha za karatasi viache pia.

Safari na chumba

Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR ilianza kufika Dodoma katikati ya 2024. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho na mizigo hupitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Basi la mkoa lililokodiwa kwa ajili ya wajumbe ni la bure na lina nyimbo, lakini ni saa nyingi za kuulizwa maswali: una watoto wangapi, shemeji yuko wapi, utaoa lini. Andaa jibu moja fupi ulitumie kwa wote. “Mungu akijalia, mama, utapata kadi” linatosha, halafu muulize yeye habari za wanawe. Atazungumza hadi Gairo. Usibuni mke au mume. Uongo wenye jina na mkoa hufuatiliwa, na mjumbe kutoka mkoa huo atakuwa kiti cha nyuma yako.

Malazi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Chama hupanga wajumbe wawili hadi wanne kwa chumba, na mji huwa umejaa. Jilipie chumba chako mwenyewe kama unaweza kwa namna yoyote ile, hata ikibidi uahirishe suti mpya. Weka nafasi wiki tatu au nne kabla, kwa sababu bei hupanda kadiri tarehe inavyokaribia, zaidi mkutano ukiangukia kipindi cha Bunge. Mwambie katibu wa mkoa mapema, kwa adabu: “Katibu, nashukuru kwa utaratibu, ila mimi nakoroma sana na sipendi kumsumbua ndugu mjumbe mwenzangu, nimejilipia mwenyewe.” Kukoroma hakuna anayekuuliza zaidi. Usitumie ugonjwa kama sababu, utaulizwa ugonjwa gani.

Chagua gesti isiyokuwa kambi ya mgombea yeyote. Utaitambua kwa wingi wa magari yenye bendera na watu wanaoingia usiku wa manane. Mitaa ya makazi kama Area C, Ilazo au Kisasa huwa tulivu kuliko katikati ya mji. Daftari la wageni lazima ujaze, na jina liwe lile la kitambulisho. Kuandika jina jingine ni kujitafutia kosa ambalo hukuwa nalo. Gesti nyingi zina tangazo ukutani kwamba watu wa jinsia moja hawaruhusiwi kulala chumba kimoja, na mhudumu aliyeandikiwa hivyo na mwajiri wake atapiga simu. Kwa hiyo mpenzi wako asije Dodoma wiki hii, si kwenye chumba chako wala cha jirani. Mgeni yeyote wa kikazi mpokee mapokezi au mgahawani.

Ukilazimika kulala chumba cha wawili, simu ilale chini ya mto ikiwa imezimwa, dawa zimezwe bafuni, na usinywe pombe. Mvinyo wa Dodoma hugawiwa kwa ukarimu na wapambe wakati wa usiku, na maneno mengi yaliyowaharibia wajumbe yalitoka kwenye glasi ya tatu.

Mlangoni, na habari ya sare

Mwenyekiti wa chama akiwa ndiye Rais wa nchi, ulinzi ni wa ngazi ya juu kabisa: barabara hufungwa, foleni huanza alfajiri, na kuna mashine, mbwa na upekuzi wa mikono. CCM ilipofanya mkutano mkuu maalumu tarehe 18 na 19 Januari 2025 kwenye ukumbi wa Jakaya Kikwete, wajumbe walikaribia elfu mbili. Fika mapema, saa 11 alfajiri si mapema kupita kiasi, ukiwa na kitambulisho cha mjumbe, cha NIDA au cha mpiga kura, na kadi ya chama. Begi usibebe.

Kwa mjumbe trans, hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Foleni za upekuzi ni mbili, ya wanaume na ya wanawake, na picha ya kitambulisho italinganishwa na uso wako. Nchini hakuna utaratibu wa kisheria wa kubadili jinsia kwenye kitambulisho. Jina unaweza kulibadili kwa hati ya kiapo iliyosajiliwa, ila kazi hiyo ifanywe miezi kabla ya uteuzi, ili jina lililoko kwenye orodha ya wajumbe, kadi ya chama na NIDA liwe moja. Majina matatu tofauti kwenye nyaraka tatu ndiyo yanayomsimamisha mtu mlangoni, kuliko sura yake.

Foleni gani uingie? Ushauri wetu, ambao tunajua una maumivu ndani yake, ni foleni inayolingana na kitambulisho chako, isipokuwa kama muonekano wako uko mbali nacho kiasi kwamba utazua mtafaruku. Hapo mwendee ofisa pembeni kabla hujafika mbele ya mstari, useme kwa sauti ya chini: “Afande, naomba nikaguliwe faragha,” ukiwa na kitambulisho mkononi. Sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke kwa kuzingatia staha. Anayefunga kifua kwa nguo ya kubana ajue kwamba mikono ya mpekuzi itaihisi. Fulana mbili zilizobana chini ya shati hufanya kazi karibu sawa na hazina cha kueleza, na katika joto la Oktoba na Novemba Dodoma nguo ya kubana kwa saa kumi na mbili husababisha kizunguzungu na maumivu ya mbavu.

Sare ipangwe kabla. Wajumbe wa kike mara nyingi hupewa kitenge cha kushona gauni, wanaume shati. Fulana ya chama na kofia ni za wote, na hazimshangazi mtu siku ya kawaida ya kikao. Mwanamke asiyevaa gauni aombe kitenge chake kikiwa hakijashonwa, apeleke kwa fundi wake wa nyumbani, ashonewe suruali pana na blauzi ndefu. Ni vazi la heshima linalokubalika popote. Ukisubiri kushonewa Dodoma kwa haraka, utapewa walichozoea. Beba sweta au koti kwa ajili ya Juni na Julai, kwani asubuhi za huko ni baridi, na kitambaa cha vumbi.

Ndani ya ukumbi

Utasikia hotuba dhidi yako. Mara nyingi huja pale msemaji anapotafuta makofi, baada ya kuishiwa hoja, na ukumbi hushangilia kwa sababu ukumbi umefundishwa kushangilia. Jiandae kabla kwa kuamua utafanya nini na mikono. Kutoka nje dakika ile kunaonekana. Kunyamaza ukiandika kwenye daftari hakuonekani. Hulazimiki kupiga makofi, na katika watu elfu mbili hakuna anayehesabu. Shika kalamu, kunywa maji, angalia ajenda inayofuata. Kama mwili unatetemeka, subiri wimbo wa kupokezana uanze, watu wakisimama nenda msalani. Maneno yale yanauma hata kwa aliyeyazoea, na anayeumia si dhaifu.

Usijitangaze kwenye mkutano mkuu. Tunasema hivi bila kusita, ingawa tunawaheshimu waliojitangaza kwingine. Hakuna wa kukulinda ukumbini, kamera zinarusha moja kwa moja, na kabla hujakaa chini kamati ya maadili itakuwa imeshaitishwa.

Haimaanishi ukae bure. Kazi ya mjumbe haifanyiki kwenye kipaza sauti, ambako ukibahatika utapata dakika mbili au tatu. Inafanyika kwenye kikao cha wajumbe wa mkoa, aghalabu jioni ya kuamkia mkutano, na miezi ya nyuma wakati maoni ya ilani yanakusanywa. Huko unaweza kusukuma mambo yanayowagusa watu wako bila kutaja neno linalofunga masikio: usiri wa mgonjwa kwenye zahanati, huduma za afya bila ubaguzi, polisi kutopekua simu bila hati, dhamana ya polisi kuwa bure kama sheria inavyotaka, utekelezaji wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ulinzi wa watoto dhidi ya kupigwa na kudhalilishwa shuleni. Kila moja lina waathirika wengi wasio wa LGBT, kwa hiyo utapata wa kukuunga mkono. Leta sentensi iliyokwisha kuandikwa, si zaidi ya maneno 25, umpe katibu wa kikao kwenye karatasi. Kinachoingia kwenye muhtasari ni kile kilichoandikwa vizuri, kwa sababu katibu amechoka na hana muda wa kutunga.

Kura ni ya siri. Usipige picha karatasi yako kumwonyesha yeyote, hata aliyekuomba kwa upole.

Ukitishiwa

Kauli huja hivi: “Ndugu mjumbe, tuna picha zako. Tusaidie na sisi tutakusaidia.” Mara nyingi hawana picha, wana fununu. Jibu lako la kwanza ndilo wanalolitaka, kwa sababu hofu yako inageuza fununu kuwa uhakika. Sema au andika mara moja tu: “Sielewi unachozungumzia. Usinitafute tena.” Kisha nyamaza. Usiombe kuona picha, usieleze, usitukane.

Usilipe. Anayelipa mara moja anarudiwa, na muamala wa M-Pesa unabaki kama kielelezo kwamba kulikuwa na cha kufichwa. Hifadhi ujumbe, namba na saa, mtumie wakili wako, ndipo uondoe kwenye simu. Kutishia mtu ili kupata mali ni kosa la jinai, lakini usikimbilie kituoni peke yako kabla ya kuzungumza na wakili: unaweza kuingia kama mlalamikaji na kutoka kama mtuhumiwa. Kuhusu kura, piga ulivyokusudia. Hawawezi kuiona.

Mtu mpya, mzuri, anayekuchangamkia ghafla siku ya pili ya mkutano na kujua mambo yako mengi, mchukulie kuwa ametumwa. Kama ni mkweli, atakuwepo hata mwezi ujao.

Ukikamatwa

Usikimbie na usibishane kwa nguvu. Uliza kosa, jina na kituo. Una haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa nne, na sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24; kwa vitendo wikendi huivuruga hesabu hiyo, ndiyo maana mdhamini wa Dodoma na wakili waanze kufuatilia saa ileile. Taja jina, anuani na kwamba wewe ni mjumbe, basi. Usisaini maelezo ambayo hukuyasoma, na usitoe PIN ya simu kabla wakili hajafika. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha yako, na ibara ya 13 inasema hutendewi kama mkosaji mpaka ithibitike.

Wakikupeleka hospitali kupimwa njia ya haja kubwa, sema hukubali, na umwambie daktari pia. Kipimo hicho hakithibitishi kitu chochote kitabibu, na Chama cha Madaktari Duniani kilikilaani mwaka 2017. Daktari anayekifanya bila ridhaa yako anavunja maadili ya kazi yake. Kumbuka jina lake na saa.

Kurudi

Usiondoke Dodoma usiku uleule wa matokeo. Kambi iliyoshindwa huwa na hasira na barabara huwa na ajali. Ondoka asubuhi. Hakikisha umesaini posho na nauli kabla ya kuondoka, kwa jina lile lile la kitambulisho, kwani madai ya baadaye hupitia kundi la WhatsApp na yatakulazimu kubaki humo. Ukishalipwa, subiri siku saba hivi, uage kwa ujumbe wa shukrani kwa katibu na wajumbe, ujitoe. Kisha pitia Facebook na Instagram uone umetagiwa wapi, na maombi ya urafiki yaliyoingia wiki ile usiyakubali mpaka umjue kila mmoja kwa sura.